Mashine ya HP 15 shafti fupi kwenye boti inayotaka shafti ndefu, uzoefu wangu

Naandika hii kwa mtu anaetaka kununua mashine ya boti, hasa used, maana mimi nimeshafunga mashine mbili kwenye boti hiyo hiyo moja, zote HP 15, na tofauti niliyoiona ni kubwa mno wakati kilichobadilika hasa ni urefu wa shafti, yaani ule mguu wa mashine unaoshuka majini mpaka kwenye propela.

Ile ya kwanza niliipenda tangu ilipowashwa kwenye pipa la maji. Inawaka kwa kuvuta kamba mara moja au mbili, gia zinaingia laini, haitetemeki. Muuzaji akaniambia boti ya futi 14 inaichukua bila shida, na mimi nilichouliza ni HP na uzito, shafti sikuigusa kabisa. Nikaifunga, ikakaa, vikabanio vikakaza vizuri, kwa macho huoni kasoro yoyote.

Maji yakitulia inaenda. Ila nikikata kona tu, au wimbi likiinua tezi (nyuma ya boti), mashine inapiga kelele ghafla, resi inapanda juu na boti inasimama kama vile gia imetoka, nikipunguza mafuta inashika tena. Nikajua ni propela, ule mpira wake wa katikati umekatika unateleza, nikabadilisha propela na shida ikabaki pale pale. Halafu nikaona kitu kilichonitia hofu zaidi, ule mchirizi wa maji unaotoka pembeni ya mashine ulikuwa unakatika katika. Maji ya kupoza yanaingia kupitia vitundu vya mguuni kule chini, sasa mguu ukiwa juu sana pampu inavuta hewa, na impela ya pampu ni mpira, ikizunguka kavu inaungua mara moja na mashine nzima inafuata.

Fundi niliyempelekea hata hakufungua kofia ya mashine. Alichukua futi akapima ubao wa nyuma pale katikati, kuanzia juu mashine inapokaa mpaka chini kabisa ya boti, akapata inchi 20. Akapima mashine, kuanzia pale bano linapokalia ubao mpaka kile kibati kipana kilicho juu ya propela, inchi 15. Kile kibati kinatakiwa kiwe sawa na chini ya boti au kishuke kama inchi moja hivi, changu kilikuwa inchi 5 juu. Propela ilikuwa inafanya kazi kwenye mapovu muda wote huo!

Kwa hiyo kabla hujatoa hela: fupi ni ya ubao wa inchi 15, ndefu 20, ndefu zaidi 25. Pima kwa timazi, wima, usifuate ule mlalo wa ubao maana utapata namba kubwa kuliko ukweli. Na stika usiitegemee peke yake, kampuni hazilingani kabisa, fupi ya mmoja inaweza kuzidi ya mwingine inchi moja au mbili, na hizi used unaweza kukuta mguu ulishabadilishwa, pima mwenyewe.

Kuna watu walinishauri nikate ubao ushuke ili mashine ifike. Nilikataa na ningekataa tena, ule ubao ndio unazuia wimbi la nyuma lisiingie ndani, na ndio unaobeba mashine. Ingekuwa kinyume, yaani mashine ndefu ubao mfupi, hapo unaweza kuinyanyua kwa kipande cha mbao ngumu kilichofungwa vizuri kwa bolti, maana ukiiacha hivyo mguu unaburuta maji, inakula mafuta na inarusha maji mpaka ndani.

Nikaibadilisha nikachukua ya shafti ndefu. Ni nzito kidogo, na kuwasha inataka kamba tatu nne asubuhi, kwa hilo ile fupi ilikuwa bora kweli. Lakini nakata kona na mafuta yakiwa kati na haipigi kelele, mchirizi wa maji haukatiki, boti inapanda juu ya maji hata tukiwa watu watatu. Nilichopoteza ni kwenye maji ya kina kifupi, saa hizi naanza kuinua mguu mapema zaidi nikikaribia ufukwe, na mtu wa mbele anapima kina kwa upondo.