Uzoefu wangu: "1985" ya Goon Show niliyouziwa kama "kamili" ni maonyesho mawili yaliyounganishwa

"Ni vichekesho vya zamani tu, sikiliza ucheke." Hilo ndilo jibu nililopewa na duka la mtandaoni linalojitangaza kuuza rekodi "kamili, halisi, zisizoguswa" za vipindi vya redio vya Uingereza. Nilikuwa nimewaandikia kwa adabu, nikiwatajia dakika na sekunde, kwamba faili waliyoniuzia, "1985" ya Goon Show (kipindi cha vichekesho cha redio ya BBC cha miaka ya 1950), si onyesho moja. Duka silitaji jina. Kasoro nitaieleza mwanzo hadi mwisho, maana hawa si wa kwanza kuiuza na wanunuzi wengi hawajui pa kuitafuta.

Kwanza mjue kwa nini kipindi hiki hasa si cha kuchezewa. Jumapili ya tarehe 12 Desemba 1954, televisheni ya BBC ilionyesha mchezo wa Nineteen Eighty-Four, uliotokana na riwaya ya George Orwell kuhusu utawala wa "Big Brother" unaomchunguza kila mtu na kuwatesa wapinzani katika Chumba 101, Peter Cushing akiwa mhusika mkuu Winston Smith, na malalamiko yakafika hadi Bungeni. Alhamisi iliyofuata, tarehe 16, waigizaji walirudi studio wakaucheza tena mubashara, kwa sababu siku hizo televisheni ikisema inarudia mchezo, watu walivaa upya na kuigiza upya. Uliobaki kwenye filamu ni ule wa Alhamisi. Wa Jumapili haupo.

Jumanne ya tarehe 4 Januari 1955, Goon Show ikaudhihaki mchezo huo kwenye BBC Home Service, idhaa ya redio, kwa kipindi walichokiita "1985". Maandishi ni ya Spike Milligan na Eric Sykes, mtayarishaji Peter Eton, Harry Secombe akiwa Winston Seagoon, mfanyakazi wa Big Brother Corporation, na mateso ya Chumba 101 ni kusikilizishwa vipindi vya redio vya BBC yenyewe. Kikapendwa mno. Jumanne ya tarehe 8 Februari kikasikika tena, na hapa ndipo wauzaji wanapofanya uzembe: hawakurudia mkanda wa Januari. Walisimama tena mbele ya hadhira wakakicheza upya. Maandishi yaleyale, jioni mbili tofauti, vicheko tofauti, pumzi tofauti. Peter Sellers, mwigizaji mwenzao, hasemi sentensi mara mbili kwa mwendo uleule, na Milligan ndiyo kabisa.

Faili yangu imeandikwa "8 Februari 1955, toleo kamili". Mpaka dakika ya 12 hakuna tatizo, na nakiri sauti ni nzuri kuliko nakala nyingine yoyote ya kipindi hiki niliyowahi kuisikia. Unasikia karatasi zikigeuzwa karibu na maikrofoni. Kisha Max Geldray, mwanamuziki wa kipindi, anamaliza wimbo wake kwa kinanda cha mdomo, makofi yanaanza, na kabla hayajafika nusu sekunde yanakufa ghafla. Mwangwi wa ukumbi haupo. Mvumo wa mkanda unabadilika sauti. Secombe anaingia na koo zito kidogo, kama mtu aliyeamka sasa hivi, na kuanzia hapo kila kitu juu ya kilohezi 5 kimekufa.

Huo si mkato wa BBC. Wahariri wa BBC walijua kukata. Vipindi vya Goon kwa kawaida vilirekodiwa Jumapili, vikahaririwa na kurushwa Jumanne, kwenye mkanda wa robo inchi unaokwenda inchi 15 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo, pumzi ya robo sekunde ni karibu inchi nne za mkanda mkononi mwako. Kuna nafasi tele ya kuweka wembe, tena kwa mshazari, ili sauti moja iyeyukie ndani ya nyingine. Mkato wa makofi unaosikika kama mlango umefungwa umefanywa na mtu wa kompyuta, na hakujali hata kuufichia mwangwi.

Sasa namna ya kuthibitisha, ili usiambiwe unasikia mambo yasiyokuwepo.

Fungua faili kwenye programu yoyote ya kuhariri sauti, kama Audacity, na utazame chini kabisa ya picha ya masafa (spectrogram, inayoonyesha sauti nzito chini na nyembamba juu), kwenye sehemu zenye ukimya. Umeme wa Uingereza ni hezi 50, na mashine za zamani huacha mngurumo wake kwenye rekodi. Nusu ya kwanza ya faili yangu ina mstari kwenye 50. Baada ya mkato mstari unaruka hadi 48.6. Maana yake nusu ya pili inakwenda polepole kwa karibu asilimia 3, ndiyo sababu Secombe anazeeka katikati ya kipindi. Tahadhari mbili. Kama kuna mistari miwili kwa pamoja, ule ulioko 50 kamili huenda umeingia juzi, mtu alipokuwa akihamishia kwenye kompyuta, kwa hiyo pima ule mwingine. Pia gridi ya Uingereza ya miaka ile ilikuwa ikishuka mzigo ukizidi, hivyo mngurumo ni dokezo tu. Hakiki kwa ala isiyobadilika sauti: vijiti vya kinanda cha mdomo cha Geldray kwa nusu ya kwanza, piano ya kundi la muziki la Ray Ellington, linalopiga baadaye kwenye kipindi, kwa nusu ya pili. Piano haichoki ndani ya nusu saa.

Mngurumo unaonyesha mashine mbili. Kuonyesha maonyesho mawili kunahitaji nakala nyingine ya kulinganisha. Weka nakala mbili kwenye njia mbili, zisawazishe kwenye neno moja lenye konsonanti kali, kisha zicheze pamoja. Kama ni onyesho moja lililohamishwa na watu wawili, utasikia sauti moja yenye mzunguko, kama inapita ndani ya bomba, kwa sababu kasi hazilingani sawasawa. Kama ni maonyesho mawili, ndani ya sentensi ya pili utasikia watu wawili wakisema maneno yale yale kwa kupishana, na hadhira inacheka mara mbili. Hakuna ubishi hapo. Nusu ya kwanza ya faili yangu inapita bombani na nakala ya Januari. Nusu ya pili na nakala hiyohiyo ni Secombe wawili. Kwa hiyo hata tarehe ya Februari waliyoiandika juu haiwezi kuwa kweli kwa zaidi ya nusu.

Ubovu wa nusu ya pili nao una chanzo chake. BBC ilizindua rasmi matangazo ya VHF, yaani FM yenye sauti safi, kutoka mtambo wa Wrotham tarehe 2 Mei 1955, baada ya vipindi vyote viwili. Aliyekuwa na mashine ya mkanda nyumbani Februari ile alinasa kwenye mawimbi ya AM, ambako stesheni ziliachana kwa kilohezi 9 na redio za mezani zilibana sauti ili jirani asiingie. Ndiyo maana juu ya kilohezi 5 hakuna kitu. Muuzaji akikuambia anayo rekodi ya nyumbani ya Januari au Februari 1955 yenye ubora wa FM, mwache aendelee na safari yake.

Nakala nyingi za Goon Show zinazozunguka hazikutoka kwenye mkanda wa matangazo. Zimetoka kwa kitengo cha BBC cha Transcription Services, kilichotengeneza santuri kwa ajili ya stesheni za nje, Australia ikiwemo, ambako shirika la utangazaji la ABC liliirudia Goon Show kwa miongo mingi. Humo utani wa siku hizo uliondolewa, na maneno yaliyoonekana makali pia, ili kipindi kieleweke popote na kiingie kwenye muda. Stesheni zilipewa santuri kwa muda maalumu, baada ya hapo zirudishwe au ziharibiwe. Bahati yetu ni kwamba si kila mtu alitii. Na kitengo hicho hicho, mwishoni mwa 1957 na mwanzoni mwa 1958, kiliwarekodisha Goon upya maandishi ya msimu wa nne, mfululizo unaojulikana kama Vintage Goons. Kwa hiyo kipindi kikiwa na jina la msimu wa nne na sauti safi ajabu, uliza kwanza kimerekodiwa mwaka gani.

Anayehamisha santuri hizo naye ana mtihani wake. Mfereji mpana wa zamani unataka sindano ya mikroni 65 hivi. Mfereji mwembamba unataka 25. Sindano nyembamba kwenye mfereji mpana inazama hadi chini na kusoma vumbi, na hapo ndipo inapotoka mikwaruzo ambayo watu hudhani ni uzee wa santuri.

Narudi kwa duka. Baada ya kusikiliza mara ya kwanza nilikuwa tayari kuwapa nyota tatu, kwa heshima ya zile dakika 12. Aliyezihamisha, yeyote yule, ni fundi: hakukaba mvumo hadi sauti zikawa za bati, hakubana vicheko. Dakika hizo peke yake zinastahili bei. Bado nasema hivyo. Kisha likaja jibu lao la pili: "Hakuna mteja mwingine aliyelalamika, na faili ikishapakuliwa hatuirudishii hela." Nikaenda kuitazama ile faili ya FLAC, aina ya faili isiyopunguza sauti kama MP3, waliyoitoza bei ya juu. Masafa yamekatwa sawasawa kwenye kilohezi 16 kama kwa rula. Mvumo wa mkanda haukatiki hivyo. Hiyo ni alama ya MP3 iliyovalishwa jina la FLAC. Nyota tatu zikawa moja.

Kinachoniuma zaidi ya hela ni kwamba misimu mitatu ya kwanza ya kipindi hiki, kuanzia 28 Mei 1951 kilipoitwa Crazy People, karibu yote imepotea. Rekodi hazikuhifadhiwa. Kilichobaki kimebaki kwa jasho la watu waliohifadhi, kulinganisha na kuandika kila kopo limetoka wapi. Anayechanganya Januari na Februari halafu akaandika "kamili" anawaharibia kazi watakaokuja baadaye, kwa sababu faili yake itanakiliwa na lebo yake itaaminiwa. Wangeandika tu "sehemu ya kwanza mkanda wa Januari, sehemu ya pili rekodi ya nyumbani", ningelipa bila neno na kuwasifu.

Msinunue. Au, kama mnaitaka kwa ajili ya zile dakika 12 tu, nunueni ile ya MP3 ya bei nafuu, maana ndiyo hiyohiyo. Aliyekwisha kuinunua aikate pale makofi yanapokufa, ahifadhi faili mbili, na nusu ya pili aiongeze kasi kwa asilimia 2.9. Tumia amri ya kubadili kasi, usitumie ya kubadili tempo, kwa sababu tempo inaacha sauti pale pale ilipo na Secombe atabaki mzee. Kwenye jina la faili ya kwanza andika "Januari, haijakamilika". Ya pili iandike "chanzo AM" na alama ya kuuliza kwenye tarehe, mpaka utakapoipanga na nakala ya Februari unayoiamini na kusikia inapita bombani.