Lupasi ya figo: belimumabu au voklosporini?
Lupasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia mwili wenyewe, ikishaingia kwenye figo, dalili ya kuonekana kwa macho ni mkojo wenye povu lisilokatika: protini inavuja. Belimumabu, dawa iliyoidhinishwa Marekani kwa lupasi ya figo Desemba 2020, hunasa BAFF, protini inayoziambia seli B (chembe za kinga zinazotengeneza kingamwili) ziendelee kuishi. Kingamwili zinazoshambulia figo hupungua, ila taratibu, tena ni dawa ya sindano au dripu.

Voklosporini, iliyofuata Januari 2021, ni kapsuli za asubuhi na jioni. Huzima kalsinyurini, kimeng'enya cha kuamsha kinga, ndani ya seli T (chembe nyingine za kinga), na huimarisha seli za chujio la figo lenyewe, hivyo protini kwenye mkojo hushuka mapema. Lakini presha inaweza kupanda, na figo (ajabu!) zikaelemewa. Mwenye presha ya muda mrefu, ningeelekea belimumabu. Yoyote itakayochaguliwa, maikofenoleti na steroidi, dawa za kutuliza kinga zinazotumiwa pamoja nayo, haziachwi ghafla.