Lusani au hei ya rhodes kwa sungura wa nyumbani?

Sungura wa chini ya miezi 6 apewe lusani (alfalfa), mmea wa jamii ya kunde unaokaushwa kuwa hei, yaani majani makavu. Protini na kalsiamu yake hujenga mwili. Akishakua, kalsiamu hiyohiyo humgeukia: mkojo huwa mzito kama chokaa, na mawe huweza kutokea kibofuni. Hapo rhodes, hei ya nyasi, ndiyo chaguo letu, tena nyuzi zake husaga meno yasiyokoma kukua.

Mhamishe kutoka lusani kwa siku 10: robo ya rhodes siku 3, nusu siku 3, robo tatu siku 3, kisha yote. Changanya kwa mkono, maana huchambua lusani na kuacha rhodes (mjanja huyu!). Akipitisha saa 12 bila kula wala kunya, mwone daktari wa mifugo.

Kwa unyevu wa Mwanza, hifadhi hei juu ya chaga, ndani ya gunia, si mfuko wa nailoni. Ikinuka uvundo, tupa.