Mwafaka au wengi wape?

Vikundi vya mrengo wa kushoto vinavyojiendesha vyenyewe huishia kwenye mojawapo ya njia mbili: kuafikiana wote, au kura ya wengi. Ipi inafaa, hasa kwa nidhamu ya wanachama?

Katika Occupy Wall Street, maandamano ya kupinga ukosefu wa usawa wa kiuchumi, New York, 2011, mkutano mkuu ulitafuta mwafaka kwanza. Ukishindikana, pendekezo lilihitaji asilimia 90. Vidole vikipepea juu, mtu ameafiki. Mikono ikipishanishwa kifuani, ameweka pingamizi. Uzuri wake, wachache hawaburuzwi. Lakini mwanachama anayetakiwa kutolewa kwa kutukana wenzake anabaki, maana marafiki zake wakizidi tu asilimia 10 wanatosha kukwamisha uamuzi. Halafu vikao vya usiku kucha vinamfaa nani? Si mwenye mtoto wa kulea, wala mfanyakazi wa zamu, ambaye ndiye tunadai kumpigania.

Kura ya wengi ni ya haraka, ila waliojipanga mapema hupitisha watakalo. Kinga mojawapo ni hii: Komuni ya Paris, serikali ya kimapinduzi ya jiji hilo mwaka 1871, ilikubali kanuni kwamba waliochaguliwa wanaweza kuondolewa na waliowachagua.

Kwa nidhamu, mimi niko upande wa kura: theluthi mbili, na mshtakiwa awe na haki ya rufaa. Mwafaka tuuache kwa mambo ya katiba ya kikundi.