Kaseti zangu za zamani ndani ya Switch 2: zilizokubali, zilizogoma, na jina la mjomba

Dada yangu anaishi Muscat. Desemba iliyopita alikuja Tanga kutusalimia, na kwenye begi lake mlikuwa na boksi la Nintendo Switch 2, mashine mpya ya gemu iliyoifuata Switch ya kwanza, ambalo halijafunguliwa. Zawadi yangu. Mwanawe Harith, ana miaka kumi na miwili, alikuwa nayo yake tangu katikati ya mwaka, akajiona mwalimu wangu.

"Mamdogo, kaseti zako usizigawe. Weka tu, zinakubali zote."

Mimi ni muuguzi. Nikitoka zamu ya usiku sipati usingizi hadi saa nne asubuhi, na muda huo ndio wangu wa gemu tangu nianze kazi. Kwa hiyo kwenye mashine mpya sikuanza na gemu mpya. Nilitaka kujua zile nilizokwisha kuzilipia zitafanywa nini. Nina kaseti nne za Switch: Mario Kart 8 Deluxe, Super Mario Odyssey, The Legend of Zelda: Breath of the Wild na Pokémon Scarlet. Pia nina kopo la biskuti lenye kaseti za Game Boy Advance, mashine ya mkononi ya zamani ya Nintendo. Hilo nitalifikia.

Kaseti ya kwanza niliyochomeka ni Mario Kart. Haikufunguka. Mashine ilidai kwanza ijisasishe kwa intaneti. Si hitilafu: Nintendo walitangaza mapema kwamba Switch 2 ikitoka kwenye boksi haiwezi kucheza gemu za Switch ya kwanza mpaka ipate sasisho hilo. Kwa mwenye waya wa intaneti nyumbani hilo ni jambo la dakika chache. Mimi natumia hotspoti ya simu, ilibidi nivae kanga nishuke dukani kununua bando. Ukimnunulia mtoto mashine hii ukamfichia mpaka siku ya Idi, ifungue usiku mmoja kabla, uisasishe, uirudishe kwenye boksi lake.

Baada ya hapo Mario Kart ikawaka mara moja. Lakini vikombe vyangu vyote vya mbio havikuwepo. Hapa ndipo nilipokaa kimya kidogo kitandani, maana kwa miaka mingi akili yangu ilizoea kwamba kaseti ndiyo yenye kila kitu. Kaseti za Game Boy Advance zilikuwa hivyo: ukiichomoa ukampa binamu yako, umempa gemu pamoja na safari yako yote ndani yake. Kaseti ya Switch haibebi safari. Hatua uliyofikia inabaki ndani ya mashine. Kaseti ikihamia mashine nyingine, inahamia tupu.

Kosa nilikuwa nimelifanya mwenyewe mwanzoni. Mashine iliniuliza kama nina Switch ya zamani ya kuhamisha, nami kwa haraka nikaruka swali. Nilifuta kila kitu nikaanza upya, safari hii nikajibu ndiyo. Nilizilaza mashine mbili ubavu kwa ubavu juu ya mto, zote zimeshika hotspoti ya simu, zote kwa akaunti yangu ya Nintendo. Vikombe vikarudi, na wanyama wangu wa Pokémon pia. Kwa hiyo anayetaka kuuza Switch yake ili aongezee hela anunue mpya, tafadhali asiiuze kabla ya kuhamisha. Kaseti peke yake haitakuokolea kitu.

Sasa gemu zenyewe zinavyocheza. Pokémon Scarlet ilitoka Novemba 2022, na kwenye Switch ya kwanza niliipenda kwa uvumilivu. Ukiingia mjini watu wa mbali wanatembea kwa kurukaruka kama picha za kuchora, ukizungusha jicho la kamera mashine inashikwa na kwikwi. Nilidhani gemu ndivyo ilivyotengenezwa. Kwenye Switch 2 imepewa sasisho la bure, na nilipoifungua nilisimama pale ufukweni nikazunguka mara tatu bila sababu, kuona tu inavyoteleza. Fremu 60, yaani picha 60, kwa sekunde, na milima ya mbali inaonekana kwa umbo lake. Hii ni kaseti ileile, plastiki ileile, ina alama ya kalamu niliyoiwekea ili isipotee kwenye chumba cha mapumziko cha wauguzi.

Super Mario Odyssey nayo ina sasisho la bure, imekuwa safi sana. Breath of the Wild, ya mwaka 2017, inacheza bila malipo kama ilivyokuwa, lakini ukitaka sura mpya kamili kuna nyongeza ya kulipia, dola 9.99 kwa bei ya Marekani. Sijainunua. Naona ni haki kuuza kazi mpya, lakini gemu hii nilishainunua kwa bei kamili, na Scarlet imenionyesha kwamba wakitaka kutoa bure wanaweza.

Mario Kart imenisikitisha kidogo nikiishika mkononi. Kioo cha Switch ya kwanza kilikuwa inchi 6.2 na mistari 720 ya nukta za picha. Hiki ni inchi 7.9 na mistari 1080. Gemu ambayo haijaguswa kwa kawaida inatoa picha ileile ya zamani, ndogo, ikavutwa kujaza kioo kikubwa, na matokeo yake ni ukungu kwenye kingo za maandishi. Harith hauoni. Mimi nauona kila mbio.

Vile vishikio vya zamani vya Joy-Con havishiki ubavuni, maana hapa vinanaswa kwa sumaku na umbo limebadilika, lakini kwa mawasiliano ya hewani vinafanya kazi vizuri. Mimi na Harith tulishindana hivyo wiki tatu. Tatizo ni kuvichaji: Switch 2 haina pa kuvipachika, kwa hiyo Switch ya zamani imebaki mezani kama chaja yao.

Memori kadi ya zamani nayo imekataa. Switch 2 inataka microSD Express ili iweke gemu, na ile ya kawaida inaisoma kwa picha na video ulizopiga tu. Gemu zangu mbili nilizonunua kwa mtandao zilikuwa kwenye kadi hiyo. Nilizishusha upya, bando la pili.

Nilikuwa najiuliza kwa nini baadhi zinacheza vizuri na nyingine zina walakini, nikasoma maelezo ya wahandisi wa Nintendo wenyewe. Zamani walikuwa wanaweka sehemu ya mashine ya kale ndani ya mashine mpya. Game Boy Advance ya mwaka 2001 ilikuwa na kichakataji cha pili kwa ajili ya kaseti za Game Boy za nyuma. Switch 2 haina Switch ndani yake. Inachofanya ni kutafsiri gemu papo hapo wakati unaicheza, na gemu za Switch ni zaidi ya elfu kumi na tano, kwa hiyo walilazimika kuzipima moja moja. Nikilijua hilo, hasira yangu ya Mario Kart imepungua.

Kabla hujanunua gemu za Switch 2 zenyewe, soma sehemu ya chini mbele ya boksi. Baadhi zimeandikwa Game-Key Card. Ndani kuna kaseti, lakini kaseti haina gemu, ni ufunguo tu. Unaichomeka, kisha unashusha gemu nzima kwa intaneti, na bado utatakiwa kuichomeka kila unapocheza. Unaweza kumuuzia mwenzio au kumwazima, hilo jema. Lakini mtu atakayeikuta kwenye kopo la biskuti miaka ishirini ijayo atategemea kwamba mahali pa kuishusha bado papo. Duka la mtandaoni la Nintendo 3DS, mashine yao ya mkononi ya kabla ya Switch, lilifungwa kwa manunuzi Machi 2023. Mimi gemu ya namna hiyo sitainunua kwa bei ya kaseti kamili.

Na kopo lenyewe. Mjomba alikuwa baharia, na mwaka 2005 alinishushia Game Boy Advance SP na Pokémon FireRed. SP ilikufa bawaba. Kilichoziokoa kaseti ni DS Lite, mashine ya mkononi ya Nintendo ya mwaka 2006, niliyoinunua mtumba Kariakoo na mshahara wangu wa kwanza: ina tundu la pili chini, kaseti za Advance zinaingia na kucheza, ingawa zile za Game Boy za kwanza haizitambui. Muuzaji alitaka kunisukumia DSi, akasema ni mpya zaidi. Ni mpya kweli, lakini DSi iliondolewa tundu hilo. Ukiikuta DS Lite nzima mtumbani, yenye bawaba isiyo na ufa, ichukue. 3DS nayo ni ya kuchukua ikiwa una kaseti za DS. Bonyeza Start au Select na uishikilie wakati unafungua gemu, picha itakaa kwa ukubwa wake wa asili badala ya kuvutwa ikafifia. Switch ya mwaka 2017 ndiyo iliyokata kamba hiyo yote ya kupokea kaseti za nyuma. Kwenye Switch 2 gemu kadhaa za Advance zinapatikana, lakini nyingi ni kwa usajili wa kulipia kila mwaka ule wa ngazi ya juu, na usajili hauwezi kusoma kaseti yako.

Kwa hiyo Switch 2 naisifia kwa ile miaka minane iliyo nyuma yake, na naipendekeza kwa mwenye kaseti za Switch, hasa kama anazo gemu zilizokuwa zinakwama. Kwa dola 449.99, bei yake ilipotoka Marekani mwaka 2025, asiyekuwa na kaseti hata moja angoje.

Usiku wa mwisho kabla hawajarudi Muscat, Harith alitaka kuona hilo tundu la chini la DS Lite. Nikamchomekea FireRed. Ikauliza kama tuendelee. Jina la mchezaji: MJOMBA. Nilimwandikia yeye kwa kuwa ndiye aliyeileta, na mpinzani nikampa jina la kaka yangu. Saa 61 za kucheza, zote zimo ndani ya kaseti.

"Huyu mjomba ndiye yule wa picha ya sebuleni?" Harith akauliza.

Ndiye. Nikampa mashine, akaendelea pale alipoishia.