Ekseli ya nyuma ya Land Rover 109, mtumba wa Arusha: nilivyoikagua na bei niliyotoa

Wadau wa Land Rover za zamani, naandika wakati bado nakumbuka kila kitu, maana nilipokuwa naitafuta hii ekseli nilitamani sana nimpate mtu aliyeshapitia anieleze, sikumpata.

Gari ni 109 (yaani inchi 109 kutoka tairi la mbele hadi la nyuma) ya mwaka 1969, Series IIA, petroli, injini ile ya 2.25, aliiacha baba. Inabeba vitunguu kutoka Mang'ola kuja Karatu. Siku hiyo imejaa magunia, tuko kwenye mlima, nikasikia kaa! gari ikaacha kuvuta, gia imeingia, injini inanguruma, tairi hazizunguki. Hafu shafti ya nyuma, kile chuma cha ndani ya ekseli kinachozungusha tairi, imekatika. Na hapa niseme kitu kwa ambao hamjawahi kukutana nacho, hendibreki ya hizi gari haishiki tairi, inashika propela, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye ekseli ya nyuma, pale nyuma ya gia boksi, kwa hiyo hafu shafti ikikatika na hendibreki nayo imekwisha, gari ikaanza kurudi nyuma mimi nimekanyaga breki kwa nguvu zote namwita utingo alete mawe. Alivyoweka mawe nikabonyeza kile kitufe cha njano, fowili (tairi zote nne kuvuta) ikaingia, tairi za mbele zikatuvuta mdogo mdogo mpaka nyumbani. Tairi haikuchomoka kwa sababu kwenye hizi ekseli uzito unabebwa na haba, yaani kitovu kinachofungiwa tairi, hafu shafti kazi yake ni kuzungusha tu. Nilimshukuru Mungu sana.

Tulivyofungua, vipande vilishaingia ndani na meno ya difu, zile gia za katikati ya ekseli, yameng'oka. Fundi wangu ni mzee, kazeeka na hizi gari, akaniambia mwanangu, hii ekseli ya Rover yenye hafu shafti za meno 10 kwa mzigo wako utakuwa unakatakata kila leo, katafute ekseli ya aina ya Salisbury. Hizo ndo zilikuwa zinakuja kiwandani kwenye 109 kuanzia 1972, ni nzito, tumbo kubwa, na hafu shafti zake zina meno 24 membamba.

Kuitambua kwa macho ni rahisi ukishaelekezwa. Rover ukiiangalia kwa nyuma ni mviringo mtupu, difu linaingilia mbele na limeshikwa na nati 10. Salisbury kinyume chake, mbele hakuna cha kufungua, nyuma ndo kuna kifuniko cha bati kimefungwa bolti 10.

Basi tukaenda Arusha, Unga Limited, tukazunguka siku nzima. Muuzaji wa kwanza alitutolea moja imepigwa rangi nyeusi inang'aa, bosi hii ya 109 kabisa, nakupa 1,200,000. Kifuniko nyuma kipo, kweli ni Salisbury, mimi moyo ushaanza kufurahi, mzee akachukua futi. Ilikuwa ya 110, ile Land Rover iliyokuja baadaye. Upana wa tairi kwa tairi kwenye 109 ni kama sentimita 131, 110 inafika karibu 149, na pia 110 inakalia koili kwa hiyo hausingi haina vile vikalio vya springi za kupangana kama za lori, tungeinunua ingebidi tukachomelee na bado ingetoka nje ya bodi. Halafu kibaya zaidi resho yake (propela inazunguka mara ngapi tairi zikizunguka mara moja) ni 3.54 wakati ya kwangu mbele ni 4.7. Sasa ukiweka fowili kwenye gari isiyo na difu la katikati, mbele wanataka mwendo wao na nyuma wao, lazima kitu kivunjike. Yule kijana labda hakujua, labda alijua, mimi nasema tu rangi mpya isikufanye uache kupima.

Yadi ya pili ndo tukaikuta, imelala chini ya magurudumu, kutu tupu, vikalio vya springi vipo, upana sawa. Mzee akaiweka juu ya magogo, akaniambia shika haba ya kushoto isicheze kabisa. Yeye akapiga alama ya chaki kwenye flenji ya pinioni, pale inapofungwa propela, na nyingine kwenye haba ya kulia, akawa anazungusha flenji polepole anahesabu, mpaka haba ya kulia imalize mizunguko MIWILI. Miwili kwa sababu upande mmoja umeshikwa, kwa hiyo ule mwingine unaenda mara mbili ya krauni, ile gia kubwa ya difu. Ikitoka nne na karibu robo tatu ni 4.7, ikitoka tatu na nusu ni 3.54. Ilitoka nne na karibu robo tatu. Dakika tano hazikufika.

Muuzaji alianzia 1,400,000. Tukamuomba atuache tufungue kifuniko, kwanza akakataa, baadaye akakubali kwa sharti kikiharibika nalipa, na hapo ndo nilimheshimu. Mafuta meusi ila hayana unga wa chuma, meno ya krauni yamelika sawasawa, hakuna yaliyomeguka, plei (kuchezacheza) ya pinioni ndogo tu. Hili lina uzito kwenye bei kuliko yote, maana difu la Rover likifa unachomoa zima unaweka lingine hata chini ya mti, la Salisbury limejengwa humo humo, kulipanga upya kunataka kifaa cha kutanua hausingi na shimu za kupima, mafundi wanaoweza ni wachache. Kwa hiyo Salisbury yenye krauni mbovu mimi nisingeilipia zaidi ya thamani ya hausingi na hafu shafti zake.

Mzee akamhesabia mbele yake vya kubadilisha: oili sili, beringi za haba, silinda za breki zimeganda, yubolti za kwangu hazitafaa, na propela lazima iwe fupi maana pua ya Salisbury ni ndefu. Tukamalizana 850,000. Hivyo vingine vyote pamoja na kukata propela vikanila 310,000, wengi wanasahau kuviingiza kwenye hesabu wakati wa kupatana.

Sasa ina miezi minne, imemezeshwa EP90 lita 2 na nusu, vitunguu vinafika kama kawaida, haivujishi, haipigi kelele hata nikiachia mafuta kwenye mteremko. Nisichokipenda ni lile tumbo, liko chini zaidi, kwenye mawe ya korongoni lishagonga mara mbili na naendesha kwa kukwepa. Ekseli naipa 4 kwa 5, muuzaji 4, karatasi ya risiti aliandika kwa kulazimishwa, fundi 5 na bado namdai Mungu amlipie.

Ile ya zamani ipo nyuma ya nyumba. Hausingi nzima, hafu shafti ndefu ya kushoto nzima, fupi ya kulia ndo iliyokatika, difu limekufa. Kuna ndugu mwenye 88, ile Land Rover fupi, anaiulizia, nimemwambia aje aione kwanza, bei ya ekseli simtajii, nitamtajia ya hausingi na hafu shafti moja.