Dawa ya magugu 2,4-D kwenye ukoka wangu, Luchelele, Mwanza: mbigili kwisha, nyanya za jirani nazo

Kilichonipeleka duka la pembejeo ni mbigili. Watoto walikuwa hawawezi kukatiza uwanjani peku, na ndala zangu zilikuwa zimejaa miiba iliyozama kwenye soli. Vuli nzima nimeng'oa kwa jembe. Ikarudi, safari hii na kishona nguo juu yake.

Muuzaji alitaka kunipa glaifosati. "Dawa ya magugu ni dawa ya magugu, mzee." Hapana. Hiyo ingenifagilia na ukoka wenyewe, nibaki na vumbi. Nilitaka inayochagua: 2,4-D amini, inayoua majani mapana na kuziacha nyasi. Nikakagua lebo kama ina namba ya usajili ya TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, nikachukua chupa ya lita moja. Kwa uwanja wangu ni nyingi mno.

Nilipuliza kwa bomba la mgongoni, udongo una unyevu na magugu bado machanga. Siku ya pili mashina ya mbigili yalikuwa yamejisokota, ncha zinatazama chini. Dawa hii inaiga homoni ya ukuaji, kwa hiyo gugu linakua ovyo mpaka linajimaliza. Baada ya wiki mbili vilibaki vijiti vya kahawia. Ukoka wala haukushtuka.

Ndago, je? Zimesimama wima kama hazikuambiwa kitu. Hazimo kwenye majani mapana wala si nyasi hasa. Vingirisha shina vidoleni utasikia pembe tatu. Hizo bado nachimba vitunguu vyake kwa mkono.

Kubwa zaidi ni upepo, na hapo kosa ni langu. Nilianza saa nne asubuhi, upepo wa ziwani umeshaamka. Siku chache baadaye mama wa jirani akaniita ukutani: majani ya juu ya nyanya zake yamekuwa membamba, yamejikunja kama kucha. "Baba, nyanya zangu umezifanyaje?" Nimemlipa, ila salamu bado zina ubaridi.

Mara ya pili nilipuliza saa kumi na mbili na nusu, majani ya mwembe yametulia tuli, nozeli nimeishusha karibu na nyasi. Bomba hilo sasa lina alama ya rangi nyekundu, halisogei kwenye mchicha, na maji ya kulioshea hayaendi ziwani.

Nyota nne. Ya tano nimeikata kwa sababu onyo la upepo limeandikwa kwa herufi ndogo hata miwani yangu inahangaika.